Tumaini la Nini?

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, majibu ya kinyama, kile kipande cha mwili kinachopimwa saratani, hayaendi kwa aliyekatwa kinyama. Daktari humwita kando kaka mkubwa au mtoto aliyesoma, mlango hufungwa, na maneno “hatua ya nne” husemwa kwa sauti ya chini. Kisha kaka hurudi kwenye benchi, karatasi keshaikunja na kuitia mfukoni, akamwambia mgonjwa kuna uvimbe kidogo, wataanza dripu, mambo yatakuwa sawa. Mgonjwa huitikia. Dar es Salaam mchezo huu una kichekesho chake cha huzuni, kwa kuwa mtu huambiwa ana vidonda vya tumbo huku akipelekwa Ocean Road, na ni nani jijini asiyejua Ocean Road wanatibu nini? Barabara yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2013, ikaitwa Barack Obama. Taasisi ya saratani imebaki na jina la zamani, na jina hilo peke yake ni majibu ya vipimo.

Wanaoficha hawafichi kwa ubaya. Hoja yao inajulikana: akiambiwa atakata tamaa, na akikata tamaa atakufa upesi. Ndani ya hoja hiyo mna madai mawili. La kwanza ni kwamba ukweli huua matumaini. La pili ni kwamba matumaini ndiyo yanayomweka mgonjwa hai. Yote mawili yamewahi kupimwa, na kwa maoni yangu yote mawili hayasimami. Mgonjwa wa saratani iliyosambaa, yaani ya hatua ya nne, hukatishwa tamaa zaidi na maumivu yasiyotulizwa, na upweke wa kubeba siri ambayo kila mtu nyumbani anaijua na hakuna anayeitaja.

Nianze na dai la pili, maana ndilo lenye mizizi. Mwaka 1989 David Spiegel, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Stanford, na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowashangaza wengi. Wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana kila wiki kuzungumza na kufarijiana waliishi, kwa wastani, karibu mara mbili ya wenzao. Waliofuatiliwa walikuwa 86 tu, lakini habari ilikuwa tamu na ikaenea: moyo mkunjufu unarefusha maisha. Watafiti wa Canada wakarudia jaribio hilo kwa wanawake 235 na kutoa matokeo yao mwaka 2001, wasione tofauti yoyote katika urefu wa maisha. Spiegel mwenyewe aliporudia, majibu ya mwaka 2007 hayakuonyesha tena ile faida kwa jumla ya washiriki. Mwaka huohuo James Coyne na wenzake walichunguza wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, wakakuta kwamba hali ya moyo ya mgonjwa haikubashiri hata kidogo nani angeishi zaidi. Hata hivyo wale wanawake wa Canada hawakutoka mikono mitupu. Waliokutana kikundini walisikia maumivu kidogo kuliko wenzao na nafsi zao zilitulia zaidi, hasa wale walioingia wakiwa na dhiki kubwa.

Habari hii ni njema kuliko inavyosikika. Ikiwa moyo hauponyi saratani, basi aliyelia usiku hakujiua, na aliyekufa hakufa kwa kukosa ujasiri. Siku hizi tumeingiza katika ugonjwa huu lugha ya vita: mgonjwa ni shujaa, anapambana, amemshinda adui. Anayepona ameshinda kwa nguvu zake. Basi anayekufa je? Tangazo la kifo halina pa kumweka, na hurudi kwenye fomula ileile ya “baada ya kuugua kwa muda mrefu”, bila hata kuutaja ugonjwa. Kumtaka mtu anayetapika tangu alfajiri kwa sababu ya tibakemikali atabasamu ili apone ni kumwongezea kazi juu ya kazi. Ana haki ya kununa.

Kama matumaini si dawa ya kurefusha maisha, ni nini basi, na yana faida gani? Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko wanavyodhani wanaokitumia haraka haraka. Tuna taraja, tuna tumaini, tuna tamaa. Matarajio ni hesabu: natarajia mvua kwa sababu nimeona wingu. Tamaa ni ile hamu inayokatwa mtu anapokata tamaa. Tumaini ni kuegemea. Wahenga waliposema mtumai cha nduguye hufa maskini, hawakuwa wakizungumzia furaha ya moyo, walikuwa wakizungumzia mtu aliyeegemea mahali pasipomstahimili. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa wa hatua ya nne halihusu kama ana matumaini. Karibu kila mtu anayo. La kuulizwa ni ameegemea nini, na je, kitamshikilia?

Anayefichwa ukweli huachiwa nguzo moja tu, kupona kabisa, na hiyo ndiyo nguzo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2012 Jane Weeks na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,193 nchini Marekani wenye saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyosambaa, ambao walikuwa wamepewa tibakemikali. Asilimia 69 ya wale wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa ile haikuelekea kabisa kuwaponya. Walidhani wanatibiwa wapone, wakati madaktari walikuwa wakiwapunguzia dalili na kuwaongezea miezi. Sasa hamishia jambo hilo huku kwetu, ambako dozi hulipiwa kwa mchango wa ukoo, kwa harambee, kwa shamba la urithi, na safari ya India hupangwa katika kundi la WhatsApp kabla mgonjwa hajaulizwa kama anataka kupanda ndege. Kuuza ekari tatu ili baba apone ni uamuzi mmoja. Kuziuza ili apate pengine miezi minne, miwili kati yake akiwa hotelini mbali na wajukuu, ni uamuzi mwingine. Labda familia itaamua vilevile. Lakini mwenye mwili na mwenye shamba ni yeye, naye ndiye pekee ambaye hakuambiwa.

Na je, kweli ukweli huua matumaini? Jennifer Mack na wenzake wa Boston walichunguza wazazi wa watoto wenye saratani, kundi ambalo mtu angedhani ndilo la mwisho kustahimili habari mbaya. Katika matokeo yao ya mwaka 2007, wazazi walioelezwa kwa uwazi zaidi jinsi ugonjwa ungeendelea ndio walioelekea zaidi kusema wana matumaini na kwamba mazungumzo na daktari yaliwatia moyo, hata pale nafasi ya mtoto ilipokuwa ndogo. Sababu haihitaji mtaalamu. Ukishajua lisilowezekana, akili inapata nafasi ya kutafuta linalowezekana, na unakuwa na mtu wa kumwamini.

Hapa nitajibiwa kwamba hao ni Wamarekani, na kwamba kwetu habari mbaya haimiminwi juu ya mtu kama maji ya ndoo. Pingamizi hilo lina uzito na sitaki kulipita. Desturi ya kupitisha habari kwa wazee wa familia haikutokana na ujinga. Imejengwa juu ya wazo kwamba mtu si kisiwa na kwamba mzigo hubebwa na wengi. Tena wapo wagonjwa, huku na huko, ambao kwa hiari yao hawataki kujua, na wana haki hiyo. Ila desturi ilikusudia familia imsaidie mgonjwa kubeba, haikukusudia imnyang'anye mzigo na kumwacha akihisi umbo lake gizani. Dawa yake ni nyepesi: mgonjwa aulizwe kwanza. Mama, majibu yametoka. Ungependa nikueleze wewe, au nizungumze na mwanao, au wote pamoja? Akisema zungumza na mwanangu, hilo nalo ni jibu lake. Kinachokosekana katika kliniki zetu nyingi ni hilo swali.

Kueleza ukweli, tena, hakuna maana ya kutaja tarehe. “Amebakiza miezi mitatu” ni maneno yanayosambaa haraka kuliko ugonjwa wenyewe, na kwa kawaida ni makosa. Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walipowauliza madaktari wa Chicago kuhusu wagonjwa 468 waliokuwa mwisho wa maisha, ni asilimia 20 tu ya makadirio yaliyokaribia kweli. Asilimia 63 yalizidisha muda. Na daktari aliyemjua mgonjwa kwa muda mrefu zaidi ndiye aliyekosea zaidi, pengine kwa sababu ya upendo. Mwanasayansi Stephen Jay Gould alipogunduliwa mwaka 1982 kuwa na aina adimu ya saratani ya tumboni, alikwenda maktaba akasoma kwamba nusu ya wagonjwa hufa ndani ya miezi minane. Mwingine angejilaza akangoja. Gould, aliyezoea hesabu, aliona kwamba nusu nyingine huishi zaidi, na kwamba muda wa hiyo nusu ya pili unaweza kuwa mrefu sana. Aliishi miaka 20, akafa 2002 kwa saratani nyingine. Sisemi kila mtu atakuwa Gould, wengi hawatakuwa. Nasema alichoegemea kilikuwa takwimu ileile iliyomtisha, alipoisoma hadi mwisho.

Isitoshe, “hatua ya nne” si ugonjwa mmoja. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967 pale Mulago kwa ajili ya uvimbe ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, uvimbe unaofutua taya la mtoto kwa kasi ya kutisha. Huo huweza kupona kwa tibakemikali hata ukiwa umeenea. Saratani ya kongosho iliyosambaa haina bahati hiyo. Saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa mara nyingi haiponi, lakini wapo wanaoishi nayo miaka kadhaa kwa vidonge. Mtu akiambiwa hatua ya nne bila kuelezwa ni ya nini, ameambiwa nusu ya neno.

Mahali ambapo ukweli hauzungumzwi hapabaki patupu. Hujazwa na mwingine. Mapema mwaka 2011 njia ya kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, ilifungwa na foleni ya magari yenye urefu wa kilomita nyingi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha maji ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema Mungu amemfunulia kwamba kinatibu saratani, kisukari na UKIMWI. Wakubwa serikalini walikunywa. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini, na wapo waliofia kwenye foleni. Mzee alifariki mwaka 2021, na saratani bado ipo. Ni rahisi leo kuwacheka waliokwenda, ilhali mfa maji haachi kutapatapa. Lakini tazama walichokipata Samunge kwa shilingi 500: mtu aliyewapokea, aliyewaambia neno moja la wazi, na maelfu ya wenzao wa kulala nao porini wakiota moto mmoja. Hospitali zilikuwa na mashine. Mara nyingi hazikuwa na hayo.

Imani yenyewe sioni kama ni mpinzani hapa. Muumini anayesema inshallah amekwisha kukiri kwamba mwisho hauko mkononi mwake, na huo ni ukweli kuliko tabasamu la kaka kwenye benchi. Dua na dozi havigombani. Kinachogombanisha ni kauli ya kwamba ukiendelea na kliniki umeonyesha imani haba, na kauli hiyo, popote itokapo, imewazika watu.

Nguzo iliyo imara zaidi, kwa ushahidi tulio nao, ni ile inayoogopwa kuliko zote: tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na dalili nyingine. Jina lenyewe halikusaidia. Kwa Mwislamu shufaa ni uombezi wa Siku ya Kiyama, na si ajabu mtu akielekezwa jengo la tiba shufaa akadhani anaagwa. Jennifer Temel na wenzake walilijaribu jambo hili katika hospitali kuu ya Massachusetts kwa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walipata matibabu ya kawaida ya saratani. Nusu nyingine walipata hayohayo, pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili liliishi vizuri zaidi, likawa na sonona kidogo, likapewa tibakemikali chache za dakika za mwisho. Kisha likaishi zaidi: miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Waliodhaniwa wamekubali kufa ndio waliochelewa kufa. Utafiti mmoja hauthibitishi kila kitu, na wa baadaye haukuona kila mara nyongeza ya miezi. Lakini hofu kwamba kutuliza maumivu ni kumharakisha mgonjwa haina pa kusimama.

Na maumivu ndiyo kiini. Mwenye saratani iliyoingia mfupani hafikirii maana ya maisha saa tisa usiku. Anafikiria nyonga yake. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na wazo ambalo halina fahari yoyote: unga wa mofini uchanganywe na maji, utiwe kwenye chupa ya plastiki, mgonjwa anywe nyumbani kwake. Dawa yenyewe hutiwa rangi kuonyesha nguvu yake, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Mgonjwa hunywa kila baada ya saa nne, na ya kulalia hupewa maradufu ili usiku usikatike. Pamoja nayo huenda dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo, na anayesahau hilo atarudishiwa chupa na mgonjwa mwenye hasira. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini, kwa sababu vijijini daktari hayupo. Kuna pia mengine madogo ya namna hii. Kidonda cha saratani kikinuka, wageni hupungua, na mama hujifungia chumbani kwa aibu. Vidonge vya metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, vikisagwa na kunyunyizwa kidondani hupunguza harufu ile, na mama anaweza kukaa tena mkekani na majirani zake. Mionzi ya mara moja tu hutuliza maumivu ya mfupa kwa wagonjwa wengi. Hakuna hata moja kati ya haya linaloponya saratani. Yote ni mambo ambayo mtu anaweza kuyaegemea Jumatatu akayakuta bado yamesimama Ijumaa.

Pingamizi la mwisho ndilo gumu, na sina jibu la kulifuta. Ni kwamba maneno haya yote ni ya wenye nacho. Mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika mwaka 2016, na mpya haikuzinduliwa rasmi hadi 2018. Katika muda huo hotuba za matumaini zingemfaa nini mwanamke anayevuja damu? Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Huo ni uonevu, na saikolojia haiutibu. Ila tuangalie vizuri unga wa mofini unagharimu nini: ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa katika matibabu ya saratani. Kinachouzuia zaidi ni sheria zilizoandikwa kwa kuogopa wavuta unga, fomu, na wahudumu ambao hawakufundishwa. Umaskini unaeleza kwa nini hatuna mashine za kutosha. Hauelezi kwa nini mtu afe akipiga kelele.

Ken Okoth, mbunge wa Kibra jijini Nairobi, alifanya mwaka 2019 jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hawalifanyi. Alisema hadharani kwamba ana saratani ya utumbo na kwamba imefika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi, akaonana na wapiga kura wake, akafariki tarehe 26 Julai. Kusema kwake hakukumwongezea siku ninayoweza kuihesabu. Kulimpa nafasi ya kuaga watu waliojua kwamba wanaagwa.

Kwa hiyo, wewe utakayemsindikiza mgonjwa kliniki wiki hii, mwache akae kiti kilicho karibu na daktari, nawe kaa kile cha pembeni. Akitaka kujua, ulizeni pamoja: dawa hii inakusudiwa kuponya, kurefusha, au kutuliza? Na kabla hamjafunga faili, uliza dozi ya usiku ni kiasi gani, na ikiisha siku ya Jumapili mtaipata wapi.